Hodi ya Tatu

Watu wa Mjimwema wakisahau jina langu husema "yule mama mwenye sauti," na hakuna anayeuliza ni yupi. Sioni aibu. Naitwa Lidwina, naimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia, na nikimwita mtoto aliyeko dukani, wa jirani nao huitika. Mungu ana utani wake. Mwanamke wa namna hii akampa mume kama Hironimus. Mume wangu ni fundi cherehani, kazi aliyojifunza kwa watawa kule Hanga, na nadhani walimfundisha na ukimya wao hapo hapo. Tangu tufunge ndoa hajawahi kumfokea mtu. Hata mbuzi alipotafuna suruali ya mteja, alisimama mlangoni akamwambia tu, "Jamani, mbuzi, ndiyo nini?"

Kwa hiyo sauti yake ilipoanza kupungua sikushtuka. Mpole amezidi kuwa mpole, kuna ubaya gani? Ilipungua taratibu, mpaka nikawa namjibu kwa kubahatisha. Akisema jambo nisilolisikia, nasema, "Ndiyo, Baba Noela," naendelea na shughuli zangu. Kwa mtindo huo siku moja nikakuta nguruwe wawili uani, kumbe niliwakubali mwenyewe mezani wakati wa chakula.

Mambo yakaja kuharibika pale Noela, binti yetu, alipotuletea habari za Dennis. Kijana mzuri, afisa kilimo, anakuamkia shikamoo hata kabla hujageuka. Baba yake, Mwalimu William, alihamishiwa Songea kutoka Mbeya zamani na akastaafia hapa hapa. Ni mtu wa kunyoosha mambo: akisema saa nne ni saa nne, na akikasirika hakopeshi. Wakatuma mshenga, tukakubaliana waje Jumapili baada ya misa kuleta posa.

Katika ukoo wa mume wangu posa ina utaratibu wake, nao hauna mchezo. Wageni husimama nje, mlango umefungwa. Mshenga wao hupiga hodi, na mwenye ruhusa ya kuitikia ni baba wa binti peke yake. Wanawake wote tunakuwa jikoni, nyuma, midomo imefungwa, mpaka wageni waketi. Na hodi ni tatu, kama zilivyo tatu kwa kila mtu mwenye adabu. Ya tatu isipojibiwa ujue hutakiwi, unageuka unakwenda zako.

Nikasikia hodi ya kwanza, kimya. Nikamwambia dada yangu kwa ishara kwamba mzee anawapa wakwe joto kidogo, wasione binti anaokotwa. Hodi ya pili, kimya. Ya tatu, kimya kabisa. Kisha nikasikia milango ya gari inabamizwa, injini inaunguruma, na gari linaondoka, huku jikoni binti yangu akilia mikononi mwa shangazi yake.

Nilikimbilia sebuleni na mwiko mkononi. Hironimus alikuwa ameketi kwenye kiti chake, ndani ya suti aliyoishona mwenyewe kwa siku hiyo, mikono juu ya magoti, amenuna. Ilinibidi niiname ili nimsikie.

"Watu gani hawa?" alisema. "Nimewakaribisha mara tatu, wamekataa kuingia nyumbani kwangu."

"Umewakaribisha? Wewe? Baba Noela, hukufungua mdomo!"

"Nimeita mpaka koo linaniuma."

"Mimi nilikuwa hapo jikoni. Sijasikia hata chafya!"

Akaniangalia kwa huruma kubwa, na huruma ile ndiyo iliyonipandisha mori. "Mama Noela," akasema, "wewe siku hizi husikii. Nimenyamaza nisikuumize. Nakusemesha, unaniambia ndiyo, ndiyo. Ni hizo spika za kwaya, zimekuharibu masikio." Akaeleza kwamba hata Noela anaharibikiwa kwa kuziba masikio na simu, na kwamba Mwalimu William naye bila shaka ni uzee. Kwa maelezo yake, katika mji mzima wa Songea aliyebaki mzima ni yeye.

Jioni hiyo Dennis alimpigia Noela. Baba yake amesema hajapata kudharauliwa namna ile tangu azaliwe, na jambo hilo limekwisha. Kuku tuliopika tuliwagawia majirani, maana nani angewala?

Majuma mawili tulikaa tukinuniana, kila mtu na ukweli wake. Ndipo likapita gari la matangazo: kambi ya madaktari bingwa imefika, wamo na wa masikio, pua na koo, wananchi wote mnakaribishwa. Nikamwambia Hironimus, twende. Masikio yangu yakikutwa mabovu, nitakuomba radhi mbele ya jumuiya yetu nzima ya sala. Akakubali upesi. Siku ya kwenda alinishika mkono njia nzima na kunionyesha mashimo, kana kwamba nimekuwa kipofu pia.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, anaitwa Recho. Alinivalisha vifaa vya masikioni, akaniambia ninyooshe kidole kila nikisikia mlio hata ukiwa mdogo namna gani. Nilinyoosha, nikanyoosha, hadi mkono ukachoka.

"Mama," akasema, "masikio haya ni ya paka."

Nikamgeukia mume wangu kwa furaha ambayo si ya Kikristo. Hironimus akasema kitu.

"Umesemaje, mzee?" Daktari aliuliza. Mume wangu akarudia. Daktari akasogeza kiti, akainamisha kichwa, na ile furaha yake ikapungua usoni. Akaanza kumtazama Hironimus kama Hironimus anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata. Akamwomba atembee hadi mlangoni na kurudi. Mkono wa kulia ulikwenda na kurudi, wa kushoto ukaning'inia tu. Akamwomba agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka. Vikaanza vizuri, kisha vikawa vinafunguka kidogo, kidogo zaidi, mpaka vikagandana.

"Harufu unasikia?" akamuuliza.

"Nasikia," alijibu Hironimus. Lakini mimi nilikumbuka maharage niliyoyaunguza wakati wa Kwaresima, moshi umejaa nyumba nzima, naye ameketi karibu na sufuria anatia uzi kwenye sindano. Nikasema. Nikasema pia kwamba mishono yake imekuwa midogo midogo hadi wateja wanaulizana, na kwamba kwenye picha za ubatizo wa mjukuu wetu yeye peke yake hakucheka, nami nilimgombeza kwa hilo.

Daktari akampitishia puani mpira mwembamba wenye kamera, taratibu, mpaka kooni, na sisi tukatazama kwenye kioo. Pale ndani kulikuwa na nyuzi mbili nyeupe. Alitueleza kwamba mtu akisema, nyuzi zile hukutana katikati na kutetemeka, na hapo ndipo sauti inapotoka.

"Wapo ambao uzi mmoja umepooza kabisa, hausogei," alisema. "Mshipa wa fahamu umeumia, au ni uvimbe, au kiharusi. Nilikuwa natafuta hilo. Lakini zako, mzee, zinasogea zote mbili. Tazama. Zinasogea, ila hazifiki. Zimelegea katikati, pamebaki mwanya, na pumzi inapotelea hapo. Koo halina kosa. Linasubiri amri, na amri inafika ikiwa hafifu."

"Amri ya nani?" nikauliza.

"Ya ubongo." Akagusa kichwa chake mwenyewe. "Humu kuna kemikali inaitwa dopamini. Kazi yake mojawapo ni kuupa mwendo ukubwa wake. Ikipungua, kila kitu kinakuwa kidogo: hatua, mshono, tabasamu, sauti. Na ubongo ukishazoea udogo huo, unauona ndiyo kawaida. Mzee hadanganyi, mama. Yeye kwa kweli anajisikia anaita."

Hironimus hakuamini. Ndipo Daktari akatoa simu yake. "Mzee, fanya kama mama yuko nje ya mlango wako. Mkaribishe." Mume wangu akajiweka sawa, akavuta pumzi, akanikaribisha. Daktari akairudisha sauti ile aliyoirekodi kwenye simu. Tulisikia feni ya ukutani, na chini ya feni kitu kama mtu anayefunua kurasa.

"Simu yako mbovu, binti," alisema Hironimus.

Daktari akajirekodi mwenyewe, ikasikika vizuri. Akarudisha ile ya kwanza. Hironimus akaiweka simu sikioni, akasikiliza. Akaomba asikilize tena. Aliiteremsha taratibu, akanigeukia mimi.

"Kumbe walikuwa nje wananisubiri," alisema.

Nilikwenda pale kushinda, nikashinda, na sikuutaka ushindi wenyewe. Nililia kama mtoto. Muda wote ule nimemdhania mkaidi, na yeye alikuwa anatuita kutoka mahali ambapo hatumsikii.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Pakinsoni. Daktari mwingine wa kambi hiyo, bingwa wa mishipa ya fahamu, alimpima kwa upande wake akathibitisha, akampa vidonge ambavyo vikifika kichwani hugeuka kuwa ile dopamini. Walituambia bila kuficha kwamba hauponi, lakini mtu anaweza kuishi nao miaka mingi na vizuri. Vidonge vitasaidia miguu na mikono. Sauti itahitaji mazoezi zaidi ya dawa. Kambi ilipoondoka tukakabidhiwa kwa Pamela, binti wa mazoezi ya viungo pale hospitali, na Pamela akampa mume wangu sheria moja ngumu kuliko vidonge vyote.

"Baba, ukisema na ukajisikia umesema kawaida, ujue hujasikika. Ukijisikia unapiga kelele za aibu, hapo ndipo umesema kawaida."

"Yaani niwe nafoka?" Hironimus aliuliza.

"Wewe utahisi unafoka. Sisi tutasikia unaongea."

Nilimwona anavyokunja uso wake ule mgumu. Mtu asiyemfokea hata mbuzi, leo aambiwe hiyo ndiyo dawa.

Wakati huo huo mimi nilikwenda kwa mshenga. Mshenga wao ni Mzee Twaha, mwenyeji wa Nakapanya, ana duka la nafaka mjini na ni rafiki wa Mwalimu William wa siku nyingi. Nilipomsimulia alicheka mpaka akafuta machozi kwa kofia yake, kisha akashtuka. "Astaghfirullah, mama, nacheka maradhi ya mtu." Akaenda kwa rafiki yake jioni hiyo hiyo. Alirudi na jibu, nalo lilikuwa limenyooka kama mwenyewe: mtu akitudharau, kesho atatafuta ugonjwa wa kusingizia. Hata hivyo atakuja, mara moja tu, baada ya mavuno. Atasimama palepale. Baba wa binti akimwitikia kwa mdomo wake mwenyewe na yeye akasikia, ataingia. Asiposikia, Dennis atafute kwingine.

Noela alisema kwa hasira wataenda kufunga ndoa bomani, yeye na Dennis, waachane na wazee na hodi zao. Hironimus akamshika bega. "Hutatoka kwangu kama mtu aliyeruka dirisha," alimwambia. "Watabisha, nami nitawafungulia." Maneno hayo ilibidi ayarudie mara mbili ndipo mtoto akayasikia.

Basi tukaanza mazoezi. Asubuhi ya kwanza alifunga madirisha yote, akavuta pumzi, akatoa "aaa" ambayo hata nzi hakuruka. Nikamwambia, kubwa zaidi. Akatoa nyingine. Mimi, kwa kuwa Mungu amenijalia, nikawa msimamizi: "Tena! Nguvu! Bado! Usiniangalie kwa huruma, tena!" Kadiri majuma yalivyopita na vidonge kuanza kazi, "aaa" ile ikakua. Ikafika uani, ikaruka ukuta, na kila ikiruka yeye hufunika mdomo kwa kiganja akiomba radhi hewani.

Jumamosi moja alasiri tukasikia, "Tumsifu Yesu Kristo!" Nikajibu, "Milele, amina," nikafungua. Jumuiya yetu nzima ilikuwa mlangoni, rozari mkononi, na mbele yao Brigita, jirani yangu na mwenyekiti wetu. Waliingia wakaketi kwa uzito. Brigita akakohoa.

"Mama Noela, tumekuja kama ndugu. Ndoa ina mengi, hatukatai, na msiba wa ile posa tunaujua. Lakini mzee wa watu! Kila asubuhi tunamsikia analia aaa, aaa, na wewe unasema tena, bado, nguvu. Dada yangu, unampigia nini?"

Hironimus aliyekuwa kwenye cherehani akaanza kutikisika mabega, uso umeganda, machozi yanamtoka, kumbe anacheka. Akajitahidi kuwaeleza, nami nikamalizia pale alipofifia. Brigita aliposhika kisa chote aliweka rozari mezani. "Sasa mbona mnamfanyisha peke yake?" alisema. "Tangu lini mtu anaimba peke yake wakati jumuiya ipo?" Wakasimama wote, wakavuta pumzi, wakapiga "aaa" moja iliyomfanya mwenye bodaboda barabarani asimamishe pikipiki na kuuliza kama kuna moto. Kuanzia hapo kila Jumamosi, kabla ya sala, jumuiya yetu hupiga kelele kwanza.

Mahindi yakavunwa, na siku ikafika. Tulipika tena, safari hii tukiwa na woga. Hironimus alimeza kidonge chake mapema, akavaa suti ile ile, akaketi kwenye kiti chake. Gari lilisimama saa nne kamili, kama nilivyotegemea kwa Mwalimu. Wanawake wakaingia jikoni. Mimi nilikwenda nao, nikarudi kinyumenyume, nikajificha nyuma ya pazia la korido. Nilikuwa nimekwisha kuamua: akishindwa nitaitikia mimi, na ukoo unilaumu mpaka uchoke.

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya Mzee Twaha.

"Karibuni," alijibu Hironimus, kwa adabu zake zote. Mimi niliyekuwa karibu ndiye niliyesikia. Nje kimya.

"Hodi humu ndani!"

"Karibuni, wakwe." Ilikuwa kubwa kidogo, lakini haikufika hata mlangoni. Nikatoa kichwa nje ya pazia.

"Wafokee!" nikamnong'oneza.

Akageuka. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Siwezi," alisema. "Mama Noela, ni wakwe. Nitawafokeaje wakwe mlangoni kwangu?"

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinamzuia. Pumzi alikuwa nayo, mazoezi alikuwa nayo. Ila ili awe na adabu masikioni mwa wale watu, ilimpasa awe mshenzi masikioni mwake mwenyewe, tena siku ambayo maisha yake yote alitaka awe muungwana.

"Hawatasikia unayoyasikia wewe," nikamwambia. "Mimi nina masikio ya paka, daktari kasema. Niamini mimi leo."

"Hodi!" Mzee Twaha aliita mara ya tatu, na niliisikia sauti yake inatetemeka, maana naye alitaka jambo hili liwe. Nilifungua mdomo. Hironimus akainua kiganja kunizuia. Akashika mikono ya kiti, akafumba macho kama mtu anayejitayarisha kumwagiwa maji ya baridi, akajaza kifua.

"Karibuni! Karibuni sana, wakwe zangu! Karibuni nyumbani!"

Ilikuwa sauti yake. Si kelele, ile sauti yake nzuri, ya taratibu, yenye joto, niliyoolewa nayo, ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu kiasi kwamba nilikuwa nimeanza kuisahau. Nikajisahau, nikalivuta pazia nikaling'oa na fimbo yake.

Alikwenda mwenyewe kufungua mlango. Mwalimu William alikuwa kizingitini, Mzee Twaha ubavuni anasema, "Alhamdulillah, alhamdulillah." Hironimus hakuweza kuwatazama.

"Nisameheni," alisema, na sauti ikawa imerudi chini. "Nimewafokea."

Mwalimu akainama. "Umesemaje, mzee?" Mume wangu akarudia. Mwalimu akamshika mkono, akausikia ulivyokakamaa, na hakuuachia. Alikaa nao muda, yule mtu wa saa na dakika.

"Hukutufokea," alisema. "Umetukaribisha vizuri sana. Na siku ile, Mungu anisamehe, ulikuwa unatukaribisha vivyo hivyo."

Waliketi. Niliokota pazia langu kwa heshima niliyobakiwa nayo, na hakuna aliyeniuliza. Mazungumzo yakaenda vizuri, mpaka ikafika zamu ya kumwita binti aulizwe mbele ya wote. Noela akatolewa ndani, khanga kichwani, akapiga magoti mbele ya baba yake. Hironimus akafumba macho tena kidogo, akajaza kifua.

"Noela, mwanangu! Wageni hawa unawafahamu?"

Midomo ya Noela ikacheza. Alikuwa analia, na kilio kilikuwa kimemkaba, hakikutoka kitu. Dennis akajiinua kwenye kiti. Mwalimu William akatega sikio. Tukangoja, akajaribu tena, kimya.

Hironimus akainama mpaka uso wake ukakaribia wa binti yake.

"Mwenzio nina ugonjwa," alimwambia, na kila mtu mle ndani alisikia. "Wewe una kisingizio gani?"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko, Mzee Twaha akishika mbavu, na Noela akacheka na yeye, kamasi na machozi pamoja, akajifuta kwa khanga.

"Nawafahamu, baba!" akaita. "Nawafahamu, wapokee!"

Nikapiga kigelegele, na kule jikoni Brigita akakidaka.